Mkeka Mweupe wa Wifi

Jumanne, 8 Julai

Seleman,

Leo nimechana ukindu tangu asubuhi. Upepo wa kusi mkali, majani yanaruka, nimeyawekea mchi juu. Vidole vinauma kwenye maungo.

Ukindu siku hizi nanunua Kibiti, kwa wale kina mama wanaoutoa delta. Haufanani na wako. Wanakata majani yaliyokwisha kufunguka, magumu, yanakatika nikiyakunja. Wewe ulikuwa unachagua lile jani changa la moyoni ambalo bado limefumba. Na ulikuwa unafunga matita kwa fundo nisiloliweza. Nalikata kwa kisu, unanuna mpaka chai ije.

Mchana alikuja dada yako, Mwanaidi. Bodaboda kutoka Dimani, bila kupiga simu. Akakaa kizingitini akaanza. Chai yangu ni maji ya kunawia. Nyumba yangu inanuka mbuzi, na mbuzi sina. Kaka yake alioa siku anaumwa macho. Nikamwambia kaka yake aliniona vizuri sana, ila hakuna aliyenionya mimi kwamba bwana anakuja na Mwanaidi. Tukacheka. Tangu uondoke hakuna mwingine anayenitukana. Wote wananipa pole.

Kabla ya kuondoka akaniagiza mkeka. Mweupe, usitiwe rangi hata chembe. Wa msikitini, akasema. Akanipa kamba, ndicho kipimo cha urefu.

Mikeka ya msikitini ni mirefu, ya safu nzima. Kamba hii fupi. Sikuuliza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeinyoosha ile kamba sakafuni nikalala kando yake. Imenizidi shubiri kichwani na shubiri miguuni.

Mimi na Mwanaidi kimo chetu kimoja. Ulikuwa unatuita mafiga, unasema limebaki moja tubandikiwe chungu.

Najua kipimo hicho. Mama yako alinifundisha mwaka niliokuja kwenu. Mtu, na shubiri mbili. Mkeka mweupe, wa kulazwa juu ya mbao kabla mchanga haujarudishwa. Na kwenu husukwa na mtani: mwanamke husukiwa na wifi yake, mwanamume na shemeji yake. Dada hasuki, binti hasuki. Dada atalia juu ya ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, na kwenu wanasema machozi huozesha ukindu. Mtani atasuka huku anakusema vibaya.

Wewe hukusukiwa. Ulianguka shambani asubuhi, alasiri tukakuzika. Dada zangu wako mbali. Ulinunuliwa mkeka wa sokoni, wenye maua mekundu. Mwanaidi alisema uani, mbele ya watu wote, "Kaka yangu anateremshwa na maua kama bwana harusi." Watu walicheka. Yeye machozi yalikuwa yanamtoka.

Si wa msikitini. Ni wake.

Jumapili, 13 Julai

Nimempigia Zuhura, Ikwiriri. Nikamuuliza shangazi yake alifuata nini Dar es Salaam mwezi uliopita. Akasema alikwenda kuwaona wajukuu. Kisha akakohoa. Binti yetu hajui kudanganya, anakuwa kama wewe, anaanza kukohoa.

"Mama," akasema, "msukie tu."

Ni uvimbe, tumboni. Hospitali walimwambia amechelewa. Wakamwambia pia kuna dawa za kupunguza maumivu, akazichukua hizo, akarudi Dimani kuvuna mpunga wake. Akamlisha Zuhura kiapo asiniambie.

Nimekasirika. Wote wawili walijua. Nimepika ugali nikamwagia kuku.

Jumatano, 16 Julai

Nimeanza ukili. Nimesuka wa kimo changu, nikauweka chini. Nikauchukua tena, nikauweka. Mkono unakwenda wenyewe, lakini nikiutazama naona mbao na mchanga.

Amepita kijana na baiskeli, mikeka ya plastiki imefungwa nyuma kama mabomba. Majirani wametoka kuchagua. Mimi nimebaki barazani na ukili mapajani. Katika njia hii nzima nimebaki mimi peke yangu ninayesuka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimenunua rangi dukani. Zambarau. Nimechemsha maji, nimetia rangi na chumvi, nimezamisha ukindu.

Mkeka wenye rangi haushuki kaburini. Ukishatiwa rangi ni wa kulalia, na wanaolala ni walio hai. Ndivyo nilivyowaza. Shehe angenishangaa. Wewe ungevua kofia ukaiweka juu ya mtungi, kama ulivyokuwa unafanya ukitaka kunisema taratibu.

Kidogo kidogo tu. Mstari mmoja kila ukili. Vidole vyangu ni vya zambarau mpaka kwenye kucha.

Nimelala vizuri leo mchana, mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 28 Julai

Mkeka umekua. Mzuri, sikatai. Mistari imekaa sawa. Nimekuwa nashona kili pamoja huku naimba.

Jioni Mwanaidi amepiga simu. "Hujambo, wifi? Umeshindaje? Vidole vinaendeleaje?" Nikamjibu, nikasubiri tusi. Halikuja. Akasema, "Mungu akujalie, wifi yangu." Akakata.

Sijawahi kusikia neno hilo kwake. Siku ya harusi yetu aliniambia nina miguu ya kunguru. Siku ya msiba wako alinisukumia uji akasema kunywa, mjane mnene hana mvuto lakini mjane mfu anatuharibia siku. Leo ananiombea Mungu.

Nimekaa na simu mkononi mpaka mbu wakaingia ndani.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda Dimani na mkeka begani. Bodaboda alitaka kujua unauzwa. Nikamwambia una mwenyewe.

Mwanaidi amekwisha. Shingo imekuwa kamba. Macho makubwa. Kanga imemzunguka mara mbili. Tumbo ndilo limebaki mbele, kama la mwenye mimba. Nilimuona wiki chache tu zilizopita. Mtu anawezaje kuondoka upesi hivyo na bado amekaa hapo?

Nimekunjua mkeka. Ameutazama kutoka pindo hadi pindo.

"Nani anaolewa?"

Nikanyoosha pindo kwa kiganja.

"Nilikwambia mweupe, wifi."

"Nilisahau."

"Wewe unasahau kuchana nywele. Mkeka huwezi kuusahau."

Hapo nikamwambia. Kwamba najua, kwamba Zuhura alikohoa, kwamba kamba yake nimeilalia. Nikamwambia sitaki afe.

"Kwani nimekuomba ruhusa?" akasema. "Nimekuomba mkeka."

Kisha akaukunja mwenyewe, polepole, anapumzika katikati. Akasema kaka yake nilimpa maua na yeye nimempa zambarau, na kwamba Mungu ananiona jinsi ninavyowapenda watu wa nyumba ile. Hakusema kwa ukali. Akanishukuru. Mara mbili.

Heri angenipiga na mchi.

Nimerudi kwa miguu mpaka barabara kuu. Sikutaka mwenye bodaboda anione uso. Nimemkosea vibaya. Wiki mbili nzima nimeimba.

Jumatatu, 4 Agosti

Kibiti sokoni hakuna ukindu. Wale kina mama hawajaja. Mmoja anayeuza dagaa pembeni yao akasema kuna msiba kwao huko delta, watakuja gulio lijalo, labda.

Siwezi kungoja labda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kukata mwenyewe.

Niliikumbuka ile sehemu yako chini ya Ndundu, ambapo mto unaacha bwawa kiangazi. Ulinipeleka mara moja tu, Zuhura akiwa tumboni, ukanikalisha juu ya kichuguu ukanikataza kushuka. Leo nimeshuka. Daraja linaonekana kwa mbali, malori yanapita juu kama siafu. Huku chini kimya. Kimya kibaya. Tope lina alama ya tumbo la mamba, pana, bado inang'aa maji. Nimerusha mawe bwawani kabla ya kila mkindu. Sijui kama inasaidia.

Miba ya mkindu imenichana mikono yote. Nimechagua majani ya moyoni. Nimefunga matita mawili, kwa fundo langu baya.

Nilipokuwa natoka, kitu kizito kiliingia majini nyuma yangu. Sikugeuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna jua. Mawingu tangu jana, na manyunyu, mwezi huu ambao haupaswi kuwa na mvua. Ukindu hauwi mweupe bila jua. Ukiuanika kivulini unakuwa wa kijani, kisha unatoka madoa. Ukiuanika juu ya moto unaingia moshi, unakuwa kahawia. Nimeutandaza uani, nimeuingiza, nimeutoa, nimeuingiza.

Zuhura amepiga. Yuko kwa shangazi yake. Ameniambia nisichelewe. Kisha akakohoa.

Jumapili, 10 Agosti

Jua limetoka jana na leo. Tita moja limekuwa jeupe, zuri, kama lako. La pili lina kuvu. Nimepangua jani moja moja. Karibu lote nimelitupa. Nimeketi nikalitazama lile rundo lenye madoa muda mrefu. Nikajiambia ningeweza kuchanganya kidogo, nani atajua, litakuwa chini ya mchanga.

Nimelichoma.

Nimehamia Dimani na kilichobaki. Nitasukia huko, mbele yake.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekaa sakafuni, kitanda chake kiko mkono wa kulia. Zuhura anapika na kumwosha. Mimi nasuka.

Asubuhi Mwanaidi alikuwa amenigeuzia mgongo. Adhuhuri akageuka. Alasiri nikasikia, "Ukili gani huo, umepinda kama njia ya mlevi."

Nikasema umepinda kwa sababu unamfuata mwenyewe.

Kitanda kikaanza kutikisika. Anacheka. Zuhura akatoka jikoni mbio na mwiko akidhani shangazi yake anakata roho. Tukazidi.

Namshukuru Mungu kwa siku ya leo. Naogopa kuiandika.

Jumamosi, 16 Agosti

Machozi yalinitoka leo. Alikuwa amelala, mdomo wazi, nikaona jino lake la pembeni lililovunjika, lile alilovunja akifungua soda harusini kwetu ili aoneshe watu kwamba upande wa bwana wana meno. Yakanitoka tu.

Kumbe hakulala. "Lia nje," akasema. "Usinilowanishie nyumba."

Nimetoka. Nimelia nyuma ya choo. Nimenawa, nimerudi, nimeshika ukili. Naye akaniambia pua yangu imevimba kama papai la njiani.

Ndiyo kazi yake sasa. Anatafuta neno, anapumzika, analisema, anafumba macho. Nadhani linamgharimu kuliko kula.

Alhamisi, 21 Agosti

Hajanitukana tangu juzi.

Nimeanza kushona. Kili hazitoshi. Nimepima mara nyingi kama mtu anayetafuta kitu mahali ambapo ameshatafuta. Urefu upo, mtu na shubiri mbili. Upana ndio haupo. Ukindu umekwisha. Zuhura amempigia mumewe, Rashidi, apite kila mahali Kibiti na Ikwiriri. Amepata mikeka ya plastiki.

Nimemwambia Mwanaidi. Nilidhani hasikii. Akatikisa kidole, nikainama. Akasema, "Basi nimekonda kwa faida."

Hilo halikuwa tusi, alikuwa ananifariji. Nimeshona mpaka sindano ikaniingia.

Jumamosi, 23 Agosti

Alfajiri ametutoka.

Sikuwa nimemaliza pindo. Kina mama walipoingia kumwosha, nilikaa chumba cha pili nikilimalizia. Nilisikia maji yanamwagika. Nikaona jicho linajaa. Mkeka ulikuwa mapajani, wazi.

Nikaanza kumtukana. Kwa sauti. Nikamwambia mchoyo we, umeondoka na sufuria yangu kubwa tangu msiba wa kaka yako hujarudisha. Nikamwambia chai yako pia ilikuwa maji. Nikamwambia una kisigino kama mgongo wa mamba na leo wamekupaka manukato ya bure. Mtu mmoja pale mlangoni akashika mdomo, nadhani si wa upande huu. Mama mtu mzima akamwambia, "Mwache. Ni wifi yake, yuko kazini."

Wakanijibu kutoka chumba cha maiti. Mmoja akasema marehemu ameacha salamu, anasema sufuria yako ilikuwa na tundu. Tukaendelea hivyo. Nilipofika kona ya mwisho nilikuwa sina sauti.

Mkeka umetoka mkavu. Mweupe wote. Mwembamba.

Wanaume wakauchukua baada ya adhuhuri. Niliwakabidhi nikarudi ndani. Kisha nililia. Zuhura alinishika mabega.

Jumapili, 24 Agosti

Matanga. Watu wengi. Sina la kuandika.

Jumapili, 31 Agosti

Nimerudi kwetu jana. Nimefagia. Kuku wamepungua mmoja.

Wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo sikuona. Jana Rashidi aliponileta nilimuuliza kama mkeka ulitosha. Alikuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki. "Ulitosha, mama," akasema. Hakuinua uso. Labda ni kwa sababu ya kamba aliyokuwa anaifunga. Ni kijana mwema, hawezi kuniambia vinginevyo. Nimemshukuru, nikampa maembe makavu awapelekee watoto.

Nimemuuliza na shehe alipopita asubuhi. Akasema amali ya mtu ndiyo inayomfunika. Hilo si jibu la mkeka, lakini sikusisitiza.

Leo nilikaa barazani bila kusuka. Mchana ulikuwa mrefu. Nikamhesabu kila mtu. Wewe ulikuwa na dada mmoja. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu, hakuna kaka, hakuna mke wa kaka. Zuhura ni binti, hasuki. Wifi sina tena.

Ningeweza kujisukia mwenyewe. Mkono bado una nguvu, na kina mama wa delta wameshaanza kuja tena sokoni. Lakini mtu hawezi kujitania. Nimejaribu, nimejiambia nina miguu ya kunguru. Nimesikia sauti yangu tu uani, na kuku wakageuka.

Sijui watanifunika na nini. Sitaki Zuhura alie juu ya ukili. Ikiwa cha plastiki, basi kiwe cha plastiki, siwezi kumuachia mtoto mzigo huo. Naogopa kidogo. Nimeliandika ili liwe limesemwa.

Jua limeshuka nyuma ya jiko. Nitakwenda kuteka maji.

Seleman, mmekuwa wawili sasa. Mkikaa, mkizungumza, nikumbukeni.